Jozi Kumi Mlangoni kwa Bi Waridi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Kabla sijasema jina la mtu tunayemkumbuka leo, nawaomba mtupe jicho mlangoni kwenu. Hapo chini, kizingitini. Kuna viatu jozi ngapi? Ni vya nani? Msinijibu sasa. Kaeni na jibu lenu, tutalihitaji baadaye.

Leo tunamkumbuka Bi Waridi binti Uthmani. Bi Waridi, mlezi wa watoto wa Kibenga. Majirani walimwita Mama Yasmina, kwa jina la binti yake. Amefariki Jumatatu iliyopita akiwa na miaka sabini na moja, nyumbani kwake, kitandani kwake, redio ikiwa imewashwa. Yasmina anatuambia alikuwa anasikiliza kituo chetu. Sisi tumeamua kuamini, na asije mtu kutuharibia. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Bi Waridi alizaliwa Buyenzi, hapa Bujumbura, avenue ya nane. Baba yake, mzee Uthmani, alikuwa akishona kofia. Mama yake alilea watoto: wa kwake, wa dada zake, na wa jirani yeyote aliyekwenda sokoni akachelewa kurudi. Maji hufuata mkondo. Binti naye akawa mlezi.

Aliolewa na Massoudi, fundi magari, wakahamia Kibenga, kusini mwa mji, karibu na ziwa. Wenye umri wangu mnaikumbuka Kibenga ya wakati ule. Nyumba chache, majani mengi. Ukiamka asubuhi unakuta kiboko amepita kwenye bustani yako ya lengalenga, mchicha wetu, na kuacha nyayo kubwa kama sahani za pilau. Upepo wa Tanganyika uliingia dirishani bila kupiga hodi. Watu walilala mchana, mlango wazi, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulidhani maisha yatakuwa hivyo siku zote.

Vita vilianza mwaka 1993. Hilo sina haja ya kulieleza, kila mmoja wetu ana la kwake. Niseme tu kwamba wanaume wengi hawakurudi, na wanawake wengi walilazimika kutoka kutafuta. Siku moja mama mmoja mjane alipata kazi ya kufua nguo mjini. Alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Alikuja akasimama nje ya ua wa Bi Waridi. Hakuomba kitu, alisimama tu na mtoto wake mgongoni. Bi Waridi akamwambia amlete ndani.

Basi ikaanza hivyo. Wiki iliyofuata walikuwa watatu. Mwaka uliofuata, watano. Hakuweka tangazo, wala hakutaja malipo. Mwenye sabuni alileta sabuni, mwenye ndagala, dagaa wa ziwa letu, alileta ndagala, na asiye na kitu alileta mtoto peke yake. Watoto walikunywa uji wa mahindi na soya, walicheza chini ya kivuli cha nyumba, na saa sita walilala kwenye mkeka mmoja mrefu, vichwa upande huu na miguu upande ule. Yasmina anasema hadi leo akisikia harufu ya uji ulioungua kidogo chini ya sufuria, anamwona mama yake.

Sasa, wasikilizaji, Bi Waridi alikuwa na mwiko mmoja. Watoto hawahesabiwi. Mama yake alimfundisha hivyo, na wengi wetu tulifundishwa vilevile. Ukimnyooshea mtoto kidole ukasema moja, mbili, tatu, unaita kijicho. Mbuzi huhesabiwa. Magunia ya mchele huhesabiwa. Mtoto wa mtu hahesabiwi, na ukimlazimisha Bi Waridi alikuwa anakasirika kweli.

Lakini mlezi asiyehesabu atajuaje kama watoto wametimia? Bi Waridi alikuwa na dawa yake. Alihesabu viatu.

Kila mtoto akifika asubuhi alivua kandambili zake kizingitini. Kulikuwa na za kijani zilizoisha kisigino. Kulikuwa na jozi ambayo moja ilikuwa nyeupe na nyingine ya bluu. Kulikuwa na zilizokatika kamba mara tatu, na mara zote tatu fundi Massoudi alizifunga kwa waya wa gari, akisema hizi sasa zitafika Kigoma bila kupumzika. Jioni kila mtoto alivaa zake na kwenda kwao. Bi Waridi akitazama kizingiti akakiona kitupu, alijua hakuna mtoto aliyebaki. Alikuwa na msemo wake: mlango mtupu, nyumba tupu. Miaka minane msemo huo haukumwangusha hata siku moja.

Mwanzoni mwa mwaka 2003 akaja mgeni. Jina lake Sylvère. Kijana mwembamba, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Alitumwa na ofisi moja ya mambo ya jamii kuandika wanawake wote wanaolea watoto majumbani. Kulikuwa na sheria: mlezi mmoja, watoto sita. Sita, basi. Akauliza yeye ana watoto wangapi.

Bi Waridi akampa kiti, akampa chai ya tangawizi, kisha akaelekeza kidevu mlangoni. Ahesabu viatu, atajua. Maskini Sylvère akainama, akahesabu mara mbili, maana kandambili za watoto hazikai kwa mpango. Jozi tisa.

Akasema kwa upole ruhusa ni sita. Bi Waridi akamuuliza hiyo hesabu ya sita imezaliwa na nani. Na hapa kijana alijibu vizuri, tumpe haki yake. Yasmina alikuwa anaosha vyombo pale uani, na anayakumbuka maneno.

"Mama Yasmina, moja mugongoni. Wawili mu mikono. Watatu washike kitenge. Siku ya kukimbia, ni hao utafika nao. Wa saba utamushika na nini?"

Bi Waridi alicheka hadi akajifuta machozi. "Mi siendi fasi yoyote, mwanangu. Watoto wanakaa hapa, wanakula, wanalala. Nikimbie niende wapi?"

Sylvère alimaliza chai yake. Alitazama mkeka, akatazama wale watoto tisa waliolala mdomo wazi, akawaza mama zao. Akaandika kwenye karatasi yake: sita. Tuseme ukweli, aliandika uongo, ingawa ulikuwa uongo wa huruma. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, Bi Waridi alimwambia mumewe jioni ile. Kijana yule hajalea hata kuku, atajuaje uzito wa kumrudisha mtoto mlangoni? Wiki mbili baadaye mke wa Sylvère mwenyewe alikuja na mtoto wao wa mwisho. Viatu vyake vilikuwa vyekundu, vya dukani, vyenye kifungo. Hiyo ikawa jozi ya kumi.

Jozi kumi, watoto kumi. Shikeni hapo.

Mwezi wa sita akafika Mwavita. Mwavita alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, akiuza mafuta ya mawese sokoni, kwenye chupa. Alikuja na binti yake Irène, miaka mitatu, mkimya, macho makubwa. Irène hakuwa na viatu. Vilibaki njiani walipokuwa wanakimbia. Mwavita aliona aibu, akasema atamnunulia kabla ya Jumapili. Bi Waridi akamkata maneno.

"Mama Irène, viatu si mutoto. Mulete tu."

Kwa hiyo kuanzia siku ile watoto walikuwa kumi na mmoja. Lakini jozi mlangoni zilibaki kumi. Jumapili ilipita na viatu havikununuliwa, kwa sababu watu walikuwa wanatafuta chakula kwanza. Na Bi Waridi, ambaye macho yake yalizoea kusoma kizingiti, hakuliona tatizo. Wala mimi nisingeliona.

Kisha ukaja mwezi wa saba. Mnaoukumbuka mwezi wa saba wa mwaka ule, upande wa kusini wa mji, mnajua ninachosema. Milio ya milimani tulikuwa tumeizoea, tulikuwa tunaisikia na kuendelea kuchambua maharage. Lakini asubuhi ile, kama saa nne, milio ilishuka. Bomu la kwanza lilianguka mbali. La pili lilitikisa bati la jikoni. Majirani walikuwa tayari barabarani, godoro kichwani.

Bi Waridi alimfunga mdogo kuliko wote mgongoni. Akasimama uani akapaza sauti, moja tu, ya nguvu: "Kila mutu avae viatu yake, atoke inje!"

Watoto walitii. Walikuwa wamefundishwa. Walikimbilia kizingitini, wakavaa, wakatoka. Bi Waridi akatazama kizingiti. Kilikuwa kitupu. Mlango mtupu, nyumba tupu. Akavuta mlango, akatia kufuli, akashika mkono huku na huku. Yasmina, aliyekuwa na miaka kumi na sita, akachukua wanne. Wakaelekea kaskazini, kwenda kwao Buyenzi.

Walitembea, wakakimbia, wakatembea. Vumbi la kiangazi, watu, mbuzi, baiskeli zilizobeba wagonjwa. Na ilikuwa vilevile kama Sylvère alivyosema. Mmoja mgongoni. Wawili mikononi. Watatu wameshika kitenge. Walifika daraja la Muha na umati ulikuwa umesongamana pale. Mbele yake kulikuwa na mama mwingine, asiyemjua, na mtoto wake akitembea pembeni. Mtoto yule alikuwa peku.

Bi Waridi alitazama ile miguu. Miguu midogo, mitupu, imejaa vumbi. Yasmina anasema mama yake alisimama ghafla hadi watu wa nyuma wakamgonga. Hakupiga kelele. Alisema neno moja: Irène.

Wakati huohuo Sylvère alikuwa pale darajani, shati limetoka nje ya suruali, anakimbia kuelekea kusini kumtafuta mtoto wake. Akakiona kiatu chekundu. Alimkumbatia mwanawe akalia mbele za watu. Bi Waridi hakumpa nafasi ya kulia sana. Alifungua kitenge, akamkabidhi yule mdogo wa mgongoni.

"Hesabu watoto," alimwambia. "Hesabu na sauti, Sylvère."

Wasikilizaji, yule mwanamke, wa mwiko ule. Sylvère akahesabu, akimgusa kila mmoja kichwani. Akasema wako kumi, wote wametimia.

"Inapashwa kuwa kumi na moja," Bi Waridi alisema. Akamwachia yeye na Yasmina wale kumi wawafikishe Buyenzi, akageuka.

Alikuwa na miaka hamsini, mwili wake mnene, pumu kidogo. Alirudi kusini peke yake, watu wote wakija kaskazini. Kandambili yake ilikatika kamba karibu na Kinindo, akazitupa zote mbili akaendelea peku. Njia nzima, alimwambia binti yake baadaye, alikuwa hawazi mabomu. Alikuwa anawaza kufuli. Angekuwa ameacha mlango wazi, mtoto angeweza kutoka, mtu angemwona, mtu angemwokota. Lakini alifunga kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo ulikuwa kifuani mwake.

Alifungua. Irène alikuwa nyuma ya mlango palepale, amekaa chini, mgongo umenyooka. Hakuwa analia. Mtoto aliyezaliwa vitani hujua kunyamaza kabla hajajua kusema vizuri. Miguuni alikuwa amevaa kandambili kubwa za Bi Waridi, zile za ndani zilizokaa uvunguni. Alikuwa hajalala, wala hakujificha. Alikuwa amesikia kila kitu. Alisikia kila mtu avae viatu vyake atoke. Alitafuta vyake, havipo. Kwa hiyo hakutoka.

"Mi siko na viatu," alimwambia Bi Waridi, kama anayeomba msamaha.

Bi Waridi alipiga magoti. Alimwonyesha miguu yake mwenyewe, iliyochanika na kutoka damu. "Ata mi siko nayo. Tuende tu hivi."

Akamfunga mgongoni, wakaenda. Zile kandambili kubwa zilianguka njiani, na hawakurudi kuziokota. Walifika Buyenzi alasiri, na Massoudi, aliyekuwa amekwama gereji mjini tangu asubuhi, aliwapokea mlangoni.

Sasa, Mwavita hakujua lolote. Alifika Buyenzi amechelewa, akamkuta mtoto wake anakula wali, mzima. Bi Waridi angeweza kunyamaza. Watoto wote walikuwa wazima, nani angeuliza? Lakini alimwita Mwavita kando, akamkalisha kwenye jamvi, akamweleza yote. Viatu. Mlango. Kufuli. Hakujitetea. Akasema kama hatamletea tena mtoto, ni haki yake.

Mwavita alimtazama Irène anavyokula. Hapa inabidi niwaambie jambo moja. Mwavita aliondoka Uvira na watoto wawili. Alifika Bujumbura na mmoja.

"Mama Yasmina," alisema, "ata mi nilihesabu mubaya, kule. We ulirudia wako."

Walikula kwenye sahani moja, Irène katikati yao.

Mji ulipotulia, Bi Waridi alirudi Kibenga, na siku ya tatu akaenda ofisini kwa Sylvère kwa miguu yake. Akamwambia aandike sita. Safari hii sita ya kweli. Sylvère akafurahi, akafungua faili. Bi Waridi akamweleza kwamba wa kwanza kutoka ni yule mwenye viatu vyekundu, maana baba yake ndiye aliyeijua sheria kabla ya wengine. Kijana alicheka kwa aibu, akamchukua mwanawe.

Wanne wengine waliotoka, haikuwa mzaha. Bi Waridi alikwenda kwa kila mama, nyumba kwa nyumba, akaeleza. Mmoja alimfungia mlango. Mwingine hakumpa salamu miaka miwili, hata wakikutana kisimani alitazama pembeni. Yasmina anasema mama yake alirudi siku ile akakaa kwenye mkeka mrefu, sehemu iliyobaki wazi, akalia kwa sauti. Alijua wale watoto watashinda wapi. Wengine walishinda barabarani. Sheria nzuri nayo ina maumivu yake, tusidanganyane.

Lakini hakurudi nyuma. Sita. Irène alikuwa mmoja wao hadi alipoanza shule.

Na tangu mwaka ule, kila asubuhi na kila jioni, Bi Waridi alihesabu watoto kwa sauti, mkono juu ya kila kichwa. Moja. Mbili. Tatu. Ine. Tano. Sita. Kisha alisema: na saba. Akaingia ndani tena. Akatazama nyuma ya mlango, uvunguni, nyuma ya mapipa. Ndipo akafunga. Yasmina alipomuuliza huyo wa saba ni nani, alimjibu hivi: "Ni ule ninayemusahau."

Kuna mkaguzi mmoja, mgeni, alipita akamsikia akisema saba, akatoa kalamu kumwandikia kosa. Bi Waridi akamruhusu atafute. Alitafuta chumbani, alitafuta jikoni, alipiga magoti na suruali yake nzuri akachungulia chini ya kitanda. Hakumpata. Bi Waridi akampa maji ya kunywa, akamwambia yeye humtafuta hivyohivyo, kila siku, mara mbili.

Alifanya hivyo karibu miaka ishirini. Magoti yalipomshinda, Yasmina alichukua mkeka. Anao watoto sita leo, na karatasi ya ruhusa imebandikwa ukutani.

Jumanne tulimzika. Watu walikuja kutoka Buyenzi, Nyakabiga, hata Gihosha. Sylvère alikuja, sasa ana mvi, na kijana mrefu pembeni yake ambaye zamani alivaa viatu vyekundu. Kizingiti cha nyumba ile hakikutosha. Viatu vilijaa hadi uani, vya kila aina.

Baada ya dua, wakati wa kwenda kula chakula kwa shangazi yake, Yasmina aliwapanga wale watoto sita nje. Akahesabu kama mama yake, mkono juu ya kila kichwa. Moja hadi sita. Anasema hakukusudia, mazoea tu. Akasema: na saba.

Nyuma ya mlango, ndani, mtu akajibu. "Saba iko hapa."

Akatoka mwanamke wa miaka ishirini na minne. Alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile kutoka Uvira, pamoja na mama yake Mwavita. Alikuwa amekaa pale chini peke yake, nyuma ya mlango, palepale. Irène alitoka peku, viatu vyake vikiwa vimepotea katikati ya vile vingine mia. Yasmina akaingia ndani, akatazama mara ya mwisho, akafunga mlango.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Yasmina. Tunampa pole mzee Massoudi, ambaye bado anafunga kandambili kwa waya. Tunampa pole Mwavita na Irène, na wote waliolala kwenye mkeka ule mrefu. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Waridi, amfungulie mlango, asimwache nje.

Na sisi tuliobaki tujiulize, kabla ya kuupokea mzigo, hata kwa moyo mzuri: mikono yetu inatosha wangapi? Niliwaomba mwanzoni mtazame mlangoni. Sasa viacheni viatu. Inukeni, mhesabu watu wenu kwa majina na kwa sauti. Mkimaliza, msifunge bado. Semeni mmoja zaidi, mrudi ndani mkamtazame.